Rutuba si mbolea

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu bustani za nyumbani, mwandishi amemshauri msomaji "atie rutuba" kwenye matuta kabla ya kupanda, na aya mbili mbele akaeleza kwamba rutuba hiyo hununuliwa kwa mfuko. Kinachouzwa kwa mfuko ni mbolea. Rutuba haipimwi kwa kilo, kwa kuwa ni hali ambayo udongo wenyewe huwa nayo au huikosa, na naomba nafasi nieleze tofauti hiyo kwa kuanzia kwenye asili ya neno.

Rutuba tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni unyevu. Mzizi wake ndio uliozaa pia neno rutab, yaani tende zilizoiva zikiwa bado laini na zenye majimaji, kabla hazijakauka. Kiswahili kililichukua neno hili la unyevu kikalitumia kwa udongo unaostawisha mimea, na kwa maoni yangu hakikukosea hata kidogo, maana mmea hautafuni chakula, bali huvuta madini yaliyoyeyuka katika maji, na udongo mkavu, hata ukiwa na madini tele, ni kama ghala lililofungwa kwa kufuli. Neno likaendelea kuzaa: tunalo yai lililorutubishwa, na katika lishe tunavyo virutubishi.

Samadi nayo ni ya Kiarabu, ambako hutajwa kwa mbolea ya aina yoyote, lakini sisi tumeibana ikabaki kwenye kinyesi cha mifugo, hivyo "samadi ya kuku" ni sahihi, na "samadi ya urea", niliyoisoma katika makala hiyohiyo, ni kichekesho, kwa kuwa urea ni mbolea ya kiwandani. Mboji ni mabaki ya mimea yaliyooza mpaka huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa ganda. Mbolea ndilo neno pana linalobeba yote hayo, pamoja na urea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni nitrojeni.

Asije mtu akadhani kwamba huu ni ubishi wa wapenda kamusi. Saa nane mchana huchota konzi ya udongo kutoka tuta ambalo nimelitia mboji kwa miaka mitatu, nikaufumbata, na nikifumbua kiganja hukuta bonge lenye alama za vidole, ambalo huvunjika taratibu nikiligusa kwa dole gumba. Udongo wa tuta la pili, ambalo halijapata kitu ila mbolea ya chumvichumvi, hupukutika kama majivu, ingawa yote mawili yamemwagiliwa asubuhi ileile. Tuta la kwanza lina rutuba kwa maana zote mbili, ya Kiarabu na ya Kiswahili. La pili lina mbolea tu.

Kwa hiyo nawaomba mwandike "kutia mbolea" mnapotaja kitendo, na "kurutubisha" pale tu udongo unapobadilika kweli. Sentensi ile ya mfuko isahihishwe mapema, kwa sababu jirani yangu aliisoma, akamwaga urea kwa wingi kwenye kitalu chake akiamini kwamba rutuba haizidi, na miche yote ikaungua.

Msomaji wenu wa siku nyingi.