Akiamriwa aondoke, amwache mgonjwa?

Ndugu Mwanasheria,

Sisi ni wakufunzi wa huduma ya kwanza. Tunaandaa mwongozo wa kurasa mbili kwa watu wa kujitolea wanaohudumu kwenye mikusanyiko mikubwa, na karibu kila sehemu tumekubaliana. Imebaki moja inayotugawa: mtu wa kujitolea aliyepiga magoti kando ya majeruhi, akiamriwa na polisi aondoke, afanye nini ili asiishie kushtakiwa kwa kumzuia afisa kutekeleza kazi yake?

Kwanza tukueleze tulipofikia, usije ukatujibu tunayoyajua.

Tunaelewa kwamba chini ya sheria ya Uingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi, kosa hili halihitaji ngumi wala kusukumana. Yatosha mtu kuifanya kazi ya polisi kuwa ngumu zaidi, kwa makusudi, wakati afisa yumo katika wajibu wake halali. Nia njema haiokoi. Katika kesi ya Hills dhidi ya Ellis ya mwaka 1983, mtu aliyekuwa akitoka kwenye mechi ya mpira aliamini polisi anamkamata asiyehusika na ugomvi, akamshika afisa kiwiko ili amweleze. Alitiwa hatiani. Kwa watu wetu hatari iko hapo hapo: mkono unaogusa bega la askari ili asikilize ndio unaoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa hiyo mwongozo unasema mikono ibaki kwa mgonjwa, na la kusema lisemwe kwa mdomo.

Kuhusu maswali ya polisi tumeandika mistari miwili tu. Kesi ya Rice dhidi ya Connolly ya 1966 ilithibitisha kuwa kukataa kujibu, peke yake, si kumzuia polisi. Kudanganya ni jambo jingine kabisa. Asiyejua aseme hajui, na asiyetaka kusema anyamaze, ila asibuni jina wala asielekeze watu njia isiyo yao.

Umbali umetusumbua zaidi, kwa sababu sheria hazifanani. Jimbo la Florida, Marekani, tangu Januari 2025, linamtia hatiani mtu anayeonywa kisha akabaki ndani ya futi 25, yaani kama mita saba na nusu, kutoka kwa polisi, zimamoto au wahudumu wa gari la wagonjwa, akiwa na nia ya kukwamisha kazi, kutishia au kusumbua. Jimbo jingine la huko, Indiana, lilitunga sheria ya futi hizo hizo mwaka 2023 kuhusu polisi, na jaji wa shirikisho akaizuia mwaka 2024 kwa kukosa uwazi. Adhabu nazo zimepishana mno: Uingereza kumzuia polisi ni kifungo kisichozidi mwezi mmoja, ilhali Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kenya inafika miaka 10. Ndiyo maana mwongozo hautaji idadi ya mita. Unasema: ukionywa, rudi nyuma hatua kadhaa zinazoonekana wazi, kisha uliza kwa sauti, "Hapa panatosha?" Anayetaka kurekodi video arekodi akiwa pale alipoambiwa asimame, na asiifute baadaye hata kama haimpendezi, maana kufuta kunaweza kuzaa shtaka la kuharibu ushahidi.

Kwa zimamoto na gari la wagonjwa tumeshuka hadi vitu vyenyewe. Mpira wa zimamoto wenye maji usikanyagwe na gari: unaweza kupasuka au kukata maji kwa mtu aliye ndani ya moto. Nyuma ya gari la wagonjwa paachwe wazi, kwa sababu machela ni kama mita mbili na bado anahitajika mtu wa kuivuta. Droni isirushwe juu ya moto wa msituni, kwani ndege za kuzima hulazimika kusitisha kazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inayowalinda wahudumu wa dharura inasema wazi kuwa kuingilia gari au kifaa chao pekee kwatosha kuwa kosa.

Sasa penye ubishi. Moyo wa mgonjwa umesimama. Mhudumu anasukuma kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hivi, na kila sekunde anayoacha, damu inayofika kwenye ubongo inapungua. Askari anapaza sauti: "Wote ondokeni hapa!" Hasemi sababu. Huenda kuna mwenye silaha karibu, huenda ni kulinda ushahidi, au anafungua njia ya machela. Ikiwa ni silaha, kubaki ni kujiua. Ikiwa ni njia ya machela, kuondoka bila mtu wa kupokea ni kumwua mgonjwa.

Nusu yetu wanasema atii papo hapo, abishane baadaye mbele ya wakili. Nusu wanataka aendelee kusukuma huku akisema, bila kugeuka wala kumgusa askari: "Moyo umesimama, nasukuma kifua. Nani anapokea?" Amri ikirudiwa, aache, atoke na mikono ikionekana, kisha aandike saa, maneno ya amri na jinsi mgonjwa alivyokuwa. Mwandishi wa barua hii yuko upande wa pili, lakini anaogopa kumfundisha mtu sentensi itakayompeleka rumande.

Maswali yetu ni haya. Je, kuuliza mara moja huku kazi ikiendelea kunaweza kuhesabiwa kuwa kukaidi kwa makusudi? Tunauliza kwa sababu sheria hiyo ya 2006 inaadhibu anayezuia "bila sababu ya msingi", na inamlinda pia anayemsaidia mhudumu wa dharura, lakini polisi hawamo katika orodha yake. Je, mhudumu wetu anaweza kujikinga kwa hoja ya sababu ya msingi, au ya kuokoa maisha, pale anayedai kuzuiwa ni polisi? Mwisho, kuna wanaotaka tuandike kwamba amri isiyo halali hailazimu kutiiwa. Ni kweli kwamba kumzuia polisi aliye nje ya wajibu wake halali si kosa hili, lakini aliye barabarani hana namna ya kujua hilo kwa hakika, na ndiyo maana tumeliondoa. Tulirudishe, au libaki nje?

Tunasubiri jibu lako kabla ya kuchapa.

Wakufunzi wa huduma ya kwanza