Grini inapopungua na ferwei kubadilika: kinachoendelea chini ya nyasi za uwanja wa gofu wa umma

Viwanja vya gofu vinavyompokea yeyote mwenye ada ya mchezo hutuletea sisi tunaokagua nyasi malalamiko yanayofanana. Mpira haukimbii kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, unadundadunda kabla ya kufika shimoni, bunka (mabwawa ya mchanga) zimejaa kokoto, na yupo mzee mmoja anayeapa kwamba grini ya saba haikuwa ndogo hivi. Kamati hukutana na kununua mbolea. Nyasi zinang'aa wiki tatu, kisha malalamiko yanarudi na nyongeza.

Mzee huyo mara nyingi hajakosea. Uwanja wa gofu haukai ulivyojengwa. Hata asipokanyaga mbunifu miaka thelathini, unabadilishwa na kisu cha mashine, nyayo, mchanga unaorushwa kutoka kwenye bunka na nyasi zinazotambaa usiku na mchana. Uwanja wa umma hubadilika haraka zaidi kwa sababu haupumziki, na wageni wengi huondoka bila kuziba alama walizoacha. Mbolea haitibu hata kimoja kati ya hivyo, na kimoja inakizidisha.

Grini imekwenda wapi

Mwendesha mashine anapomaliza grini hufanya mzunguko wa mwisho kando ya ukingo. Akitoka nje kidogo atakwangua kola, yaani ule ukanda wa nyasi ndefu kidogo unaoizunguka grini, na doa la kahawia litabaki pale siku kumi. Basi anaingia ndani kidogo ili awe salama. Sentimita 5 kwa mwaka hakuna anayeziona. Baada ya miaka 10 ni nusu mita pande zote. Grini ya mviringo yenye mita za mraba 500 ikipoteza nusu mita kila upande inabaki na takriban 460. Ikipoteza mita nzima inabaki na kama 424.

Hasara kubwa iko kwenye nafasi za kuweka shimo. Shimo linatakiwa kukaa angalau hatua nne kutoka ukingoni, na mita moja kulizunguka pasiwe na mteremko mkali. Grini ikisinyaa, pembe zote nzuri zinapotea na shimo linabanwa katikati. Watu wanakanyaga eneo lile lile kila siku, udongo unashikana, nyasi zinakonda, na mpira unaanza kuyumba mita ya mwisho. Ndipo lawama inapomwangukia anayekata nyasi asubuhi hiyo, wakati tatizo lilianza kabla hajaajiriwa.

Kuupata ukingo wa zamani hakuhitaji ramani. Chukua kikata shimo, kile kile cha kuhamishia shimo kila asubuhi, utoboe nje ya ukingo wa sasa, nusu mita kwa nusu mita. Ukikuta mchanga wa grini chini ya nyasi za kola, hapo palikuwa grini. Ukikuta udongo wa kawaida, umevuka. Weka alama ya rangi na uunganishe. Nyasi za hapo zikiwa za aina moja na za grini, zishushe milimita moja kila wiki au wiki mbili hadi zifikie kimo. Zikiwa kikuyu au sangari, usihangaike kuzishusha. Ng'oa nyasi zote, ondoa mizizi, kisha panda vipande vilivyotolewa kwenye kitalu cha grini.

Grini laini kama godoro

Kipande hicho hicho ulichotoboa, chenye kipenyo cha milimita 108, kina habari nyingine. Kikate katikati kwa kisu. Juu kuna majani mabichi, chini kuna mchanga, na katikati utaona tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa ambayo haijaoza. Wahudumu wa grini huliita thachi. Likiwa chini ya milimita 12 hamna tatizo. Kiasi kidogo hata kinasaidia, kwa kuwa hupunguza kishindo cha mpira unaoangukia grini. Likifika milimita 25, kila kitu kinaharibika kwa pamoja. Maji yanashikwa juu kama kwenye sponji, mizizi haina sababu ya kushuka, mashine inazama na kunyoa vipara, alama za mipira zinakuwa mashimo, na kuvu wanapata unyevu wanaoupenda.

Thachi huletwa na mambo matatu: naitrojeni nyingi, maji kidogo kidogo kila siku badala ya mengi kwa nafasi, na miaka bila kutandaza mchanga. Ndiyo sababu mbolea ya hasira hudhuru. Kwa grini ya ukoka chotara, gramu 2 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa awamu zinatosha. Grini ya mita za mraba 450 inahitaji karibu kilo 2 za urea, na mfuko mmoja wa kilo 50 unahudumia grini 25 hivi. Tumewahi kuulizwa kama mifuko mitatu itatosha grini tisa. Inatosha kuziua. Na urea isipomwagiliwa maji papo hapo inaunguza majani, hata kwa kipimo sahihi.

Kuiondoa thachi kuna njia moja kuu inayofika chini: kutoboa kwa mirija ya chuma iliyo wazi ndani, ambayo hutoa vipande vya udongo na kuviacha juu. Mirija ya milimita 16 ikitobolewa kila sentimita 5, mbele na pembeni, huondoa asilimia 8 hivi ya eneo la juu. Mirija ya milimita 12 kwa nafasi hiyo hiyo huondoa asilimia 4 na nusu. Tofauti hiyo ndogo ya mrija ndiyo inayoamua kama kazi imalizike kwa awamu mbili au nne. Kutoboa kwa vyuma vigumu visivyo na tundu hupitisha hewa na maji lakini hakutoi kitu, kwa hiyo kusihesabiwe kama tiba ya thachi.

Hesabu ya mchanga ndiyo inayowashangaza wengi. Mashimo ya milimita 16 yenye kina cha sentimita 8 yako 400 kwa kila mita ya mraba, na yanameza lita 6.4. Grini ya mita za mraba 450 inataka mita za ujazo 2.9, karibu tani 4 na nusu za mchanga mkavu, kabla hujatandaza hata milimita moja juu. Kamati inayokodi mashine ya kutobolea bila kuagiza mchanga kwanza inanunua nusu ya kazi: mashimo yatajifunga yenyewe, thachi iliyobaki itatanuka, na grini itakuwa na mabonde.

Mchanga wenyewe usinunuliwe kwa macho. Angalau asilimia 60 ya chembe ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, tope lisizidi asilimia 5 na mfinyanzi usizidi 3. Maabara ya udongo hulipima kwa chekeche. Kabla ya kwenda huko, jaza robo ya chupa angavu mchanga, ongeza maji, tikisa, uiache itulie. Maji yakibaki machafu na utando laini ukilala juu ya mchanga, lori lirudi lilikotoka. Mchanga wa ufukweni una chumvi, vipande vya kombe na chembe za mviringo zisizoshikana, na kuuchota kunataka kibali. Kosa baya kuliko yote ni kutandaza mchanga laini juu ya mchanga mkubwa. Maji hugoma kushuka kwenye mpaka wa matabaka hayo, na tabaka hilo litakaa hapo miaka mingi likihesabu makosa yenu.

Wakati mzuri ni wiki mbili au tatu kabla masika hayajashika: mchanga unakokotwa ukiwa mkavu, kisha mvua na joto vinaziba mashimo. Nyanda za juu msifanye Juni hadi Agosti, nyasi za kule husinzia na mashimo yatabaki wazi. Siku chache za kwanza baada ya mchanga kateni kwa mashine mbovu kuliko zote mlizo nazo, kwa kuwa mchanga hula makali. Mashine nzuri irudi mchanga ukishazama, na kabla haijarudi ipimwe kwa karatasi: ikatwe safi katika urefu wote wa kisu cha chini, bila kuchanika. Ncha za majani zilizogeuka nyeupe siku ya pili ni dalili ya kisu butu, si ugonjwa. Dawa nyingi za kuvu hununuliwa kwa kosa hili.

Ferwei ilikuwa ukoka, sasa ni nini?

Ferwei, yaani ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, hubadilika bila idhini ya mtu. Katika nyanda za juu, kikuyu ndiye mshindi wa kawaida, na hilo halishangazi kwani hapa ni kwao. Imetoka milima ya Afrika Mashariki ikasambaa duniani. Torrey Pines, uwanja wa jiji la San Diego, Marekani, uliochezewa mashindano ya US Open mwaka 2008 na 2021, ina kikuyu kwenye ferwei na rafu zake (nyasi ndefu za kando). Kwa hiyo kikuyu si aibu. Kinachobadilika ni mchezo. Ikikatwa milimita 12 hadi 15 mpira hukaa juu vizuri, ila haukimbii ukitua, na mpigo mfupi karibu na grini hunaswa kwenye nyasi. Uwanja ambao zamani mpira ulijiviringisha hadi grini sasa unamtaka mchezaji aupeleke hewani. Kamati iamue kama inaukubali uwanja wa namna hiyo, kwa sababu kuiondoa kikuyu ferwei nzima ni gharama ambayo uwanja wa umma hautaimaliza.

Pesa zielekezwe pale inapoingia grini. Hutambaa chini ya kola, na njia rahisi ni kukata ukingo kwa jembe la kukatia kina cha sentimita 10 kila wiki na kuvuta mashina yote yanayotambaa kwa mkono. Ndago ni habari nyingine: ukiing'oa, viazi vyake hubaki chini na huchipuka mara mbili. Dawa yenye halosalfuroni hufanya kazi ikipigwa ndago ikiwa changa na inakua, kwa kipimo cha lebo. Pwani, kisima kikianza kutoa maji ya chumvi, ukoka huanza kushindwa na paspalamu ya baharini ndiyo inayofaa. Hapo ushauri wetu ni kubadili nyasi, msipigane na maji.

Miti nayo hukua. Mkaratusi uliopandwa kama fito sasa unaitia grini kivuli hadi saa nne asubuhi, na ukoka unataka jua kwa muda wa saa nane kila siku. Hakuna mbolea ya kufidia jua. Matawi ya upande wa mashariki ndiyo ya kwanza kupunguzwa.

Nyayo

Old Course ya St Andrews, Uskoti, ni uwanja wa umma, na kwa kawaida Jumapili haichezwi gofu. Zamani mwelekeo wa mchezo ulikuwa ukigeuzwa wiki baada ya wiki ili nyasi zipone, na miezi ya baridi wachezaji hupiga mpira wa ferwei juu ya mkeka mdogo. Kama uwanja huo unahitaji kupumzika, wenu pia unahitaji. Nusu siku ya Jumatatu bila wachezaji hutosha kuanzia. Hamisheni alama za tii, mahali pa kupigia mpira wa kwanza, kila siku, hasa kwenye mashimo ya umbali mfupi ambako kila mtu hupiga kwa fimbo ya chuma na kuondoka na kipande cha nyasi. Kamba za kuongoza miguu kuingia grini zihamishwe kila wiki, kabla njia haijaonekana.

Makedi, wabebaji wa fimbo za wachezaji, wafundishwe kuziba alama ya mpira: kijiti kiingie kando, kisukume nyasi kuelekea katikati, kisha pakanyagwe. Kuchokonoa kutoka chini na kunyanyua hukata mizizi na kuinua udongo ambao mashine itaunyoa kesho. Iliyozibwa vizuri dakika hizo hizo hupona baada ya siku chache. Iliyoachwa huchukua wiki mbili hadi tatu.

Neno kuhusu kasi ya mpira kwenye grini. Kifaa cha kupimia, ubao wa chuma wenye mfereji na urefu wa sentimita 91, huachia mpira ujiviringishe, na mnapima umbali hadi unaposimama, mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi. Kwa uwanja wa umma, mita 2.1 hadi 2.7 ni kasi ya heshima. Wanaodai mita 3 na zaidi wameiona kwenye televisheni. Grini za zamani zina miteremko iliyochongwa kwa nyasi ndefu, na ukizinyoa kufikia kasi hiyo, mpira uliokosa shimo hautasimama tena.

Viwanja vidogo vilivyoanza na brauni, yaani grini za mchanga uliochanganywa na oili, vikitaka kupanda nyasi vihesabu kwanza gharama ya kuondoa mchanga huo wote. Kuufukia haisaidii, mizizi itaufikia.

Tukija kwenu

Ziara ya kwanza ni ya kutoboa na kupima. Tunachukua vipande vitano kwa kila grini, tunapima thachi, tunatafuta ukingo wa zamani, tunapima kasi na kukagua visu. Mnapata orodha yenye mpangilio wa pesa, na kwa kawaida visu vinatangulia, kisha mchanga, kisha ukingo, na mbolea iko chini kabisa. Bunka tunaziangalia mwisho: mchanga uwe sentimita 10 sakafuni na 5 kwenye kuta, na kokoto nyingi kwa kawaida zinamaanisha udongo wa chini umefikiwa na reki.

Kabla hatujafika, andaeni rekodi ya mbolea ya miezi 12, hata ikiwa ya daftari la stoo, na sampuli ya maji. Acheni pampu ifanye kazi dakika 10 ndipo mjaze chupa safi ya lita moja hadi juu bila kuacha hewa, mwandike tarehe na jina la kisima. Grini ikatwe asubuhi hiyo kama kawaida, lakini isimwagiliwe.