Kikundi cha watu 15 hubeba abiria

Ndugu Mhariri,

Muhula ukianza katika vyuo vyetu hapa Dodoma, darasa la wanafunzi 300 hugawanywa vikundi vya watu 15. Yanayofuata yanajulikana: wawili wanaandika, mmoja anakimbilia stesheneri, waliobaki ni abiria tu, wanachangia hela ya kuchapisha na majina yao yanajaa kwenye jalada. Mfaransa Max Ringelmann alilionyesha hili mwaka 1913 kwa kamba: wavutaji wakiongezeka, kila mmoja huvuta kwa nguvu ndogo kuliko akiwa peke yake.

Sisi wahadhiri hujitetea kwa mzigo wa kusahihisha. Tupige hesabu basi. Vikundi 20 vyenye kazi ya kurasa 10 ni kurasa 200. Vikundi 50 vya watu sita, kila kimoja nusu ukurasa, ni kurasa 25.

Kazi ya vikundi hivi vya watu sita ifanyike humo humo kwenye ukumbi wa mihadhara, wakati wa kipindi. Viti vimefungwa sakafuni, sawa, lakini watatu wa mstari wa kwanza wakiwageukia watatu wa mstari wa pili, kikundi kimepatikana. Kila mtu aandike kwanza jibu lake, dakika tatu, kimya. Hatua hii ndiyo hurukwa ili kuokoa muda, na ikirukwa, anayejua atasema na watano wataitikia. Zifuate dakika kumi za kubishana, kisha karatasi moja yenye uamuzi na sababu mbili. Msemaji asiteuliwe na kikundi: wapeane namba 1 hadi 6, na mhadhiri ataje namba wakati wa kuwasilisha, si kabla.

Swali lenyewe ndilo gumu kuliko yote. "Eleza faida tano za ushirika" limo tayari kwenye desa (nakala za notisi wanazopeana wanafunzi) na kwenye simu, watajadili nini? Wa uchumi waulizwe hivi: mkulima wa Hombolo, hapa Dodoma, ana tani moja ya zabibu zilizoiva na deni la pembejeo la kulipa wiki ijayo. Auze mbichi, apeleke kiwandani au akaushe? Wachague moja tu.

Alama zisizidi 5 kati ya 40 za muhula, na mazoezi mawili ya mwanzo yasiwe na alama kabisa.

Wanaohofia kelele hawajakosea, zitakuwepo. Kuzima na kuwasha taa mara mbili kutawatuliza upesi kuliko kufoka kwenye maikrofoni.

Mhadhiri,
Dodoma