Barua kwa binti yangu: mwaloni wako na mugumo wetu

Mama,

Picha ya ule mwaloni wa msitu wa Sherwood, huko Uingereza, imefika. Niliitazama hapa dukani mpaka mteja akagonga kaunta. Mti unaokadiriwa kuwa na miaka 800 hadi 1,000, na bado unatoa majani! Zile nguzo za kushikilia matawi zimenikumbusha cucu, yaani bibi, ambaye wewe umebeba jina lake, na mkongojo wake.

Lakini kilichonikwama ni ule uzio. Unasema uliwekwa miaka ya 1970 kwa sababu wageni walikuwa wengi mno, ardhi ikashindiliwa kwa miguu yao, mizizi ikakosa hewa na maji. Kumbe waliokuwa wanauumiza ndio hao hao waliokuja kuustaajabia.

Wetu uliponea barabarani. Unaukumbuka mugumo, ule mtini mkubwa wa Waiyaki Way, pale Westlands, Nairobi? Ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway ulipofika mwaka 2020, ilitakiwa ung'olewe. Watu wakapiga kelele, wazee wakasema huo si mti wa kuguswa hivi hivi, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Mingine mingi kandokando ya njia hiyo haikubahatika. Mimi kila nikipita na matatu huutafuta dirishani, nikiuona nanyamaza.

Cucu alitukataza kuokota hata kuni zilizoanguka chini ya mugumo. Wazee waliomba hapo, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Siku moja, nikijifanya msomi, nilimweleza kwamba mbegu ya mugumo huachwa na ndege juu ya mti mwingine, ikachipua huko, ikateremsha mizizi hadi chini na kuuzingira ule mti ulioipokea mpaka pengine ukafa. Nikamuuliza, huyo ndiye mtakatifu? Akaniambia nikachote maji.

Sasa nikukiri jambo. Unaujua ule mjakaranda wa karibu na tangi, uliokuwa ukiuparamia na kurudi na magoti yamechubuka? Hukuwahi kuniuliza ulikufaje. Ni mimi. Mama yako alichoka na matope, nikamwita fundi, tukamwaga zege ua mzima hadi kwenye shina, bila kuacha hata nafasi ya kiganja. Nilisimama hapo nikimsifu fundi kwa kazi safi. Mwaka uliofuata ulichanua kidogo, matawi ya juu yakaanza kukauka, na mwisho nikaukata mwenyewe. Nilikuwa nikisingizia ukame.

Barua yako ndiyo iliyonifanya niende kuuangalia ule wa pili, wa getini. Zege limeufikia vilevile, na mzizi mmoja umeliinua likapasuka. Ukiinama unaona udongo mweupe kwa ukavu, kama majivu. Nilimwaga maji ya kopo kwenye ufa. Yalikaa juu kitambo kabla ya kuzama.

Jumamosi fundi anakuja na nyundo na mtaimbo tuvunje kuuzunguka mti, kila upande hatua tatu, kisha tuweke mboji. Gari la jirani litatafuta pengine pa kulala. Mama yako ameshaanza kunung'unika kuhusu matope. Akikupigia, usimwambie wazo limetoka kwako.

Baba yako