Kwa nini Kimathi hana sikukuu yake

Mwanangu,

Ujumbe wako kuhusu mdahalo wa shule nimeupata. Umeuliza mbona Dedan Kimathi, aliyewaongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni dhidi ya Waingereza, hana sikukuu yake, ilhali kila mtu anamwita shujaa, na Kenyatta aliwekewa ya kwake baada ya uhuru. Jambo hili halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Anza na tarehe. Mtu huwa na siku nyingi za kuchaguliwa: aliyozaliwa, aliyokamatwa, aliyoshinda, aliyokufa. Serikali ikishika mojawapo imekwisha kuamua akumbukwe kwa lipi. Kenya ilishika 20 Oktoba. Siku hiyo mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi nchini, alitia saini tangazo la hali ya hatari. Siku 13 kabla yake Chifu Mkuu Waruhiu alikuwa amepigwa risasi ndani ya gari lake. Wanajeshi wa Lancashire Fusiliers wakaletwa kwa ndege kutoka Misri, na usiku wa kuamkia tarehe 21 polisi wakaanza kugonga milango, orodha ya majina mkononi. Kenyatta alichukuliwa nyumbani kwake Gatundu.

Kwa hiyo Siku ya Kenyatta, tuliyoiadhimisha hadi 2009, ilikuwa kumbukumbu ya usiku wa kukamatwa watu. Na tangazo la Baring liliandikwa kwa sababu ya Mau Mau. Kumbuka hilo, maana ndipo penye utata wote.

Wale sita walioshtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau bila shaka unawajua kwa majina: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Kesi ilipelekwa huko kwa kuwa ni mbali na Nairobi, na mtu hakuingia wilaya ile bila kibali. Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu 8 Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiwa. Mnaposimama kwenye mdahalo msiseme sita hawa waliongoza Mau Mau pamoja, maana mwalimu wa historia atawakata papo hapo. Kubai na Kaggia walikuwa ndani ya kamati ya siri ya Nairobi. Kenyatta alikuwa rais wa KAU, chama halali, na shahidi mkuu dhidi yake, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Sasa Kimathi. Alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Nyeri, 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa kwa kumiliki bastola moja ya .38 na risasi sita. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kukutwa na silaha bila kibali kulitosha kumnyonga mtu, kwa hiyo mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba aliongoza vita. Alinyongwa Kamiti alfajiri ya 18 Februari 1957, akazikwa humo humo gerezani bila alama. Mpaka leo kaburi halijulikani.

Baada ya uhuru ungetarajia mambo yabadilike. Hayakubadilika. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo ya mkoloni ikaendelea kuwa sheria ya Kenya huru hadi serikali ya Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Miaka 40 nzima nchi ilikuwa na sikukuu ya tarehe iliyozaliwa na Mau Mau, na papo hapo kuwa mwanachama wa Mau Mau ni kosa la jinai. Kenyatta mwenyewe, mwaka 1962, aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kung'olewa, usiofaa kukumbukwa tena.

Kwa nini? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye ardhi kuliko kwenye siasa za heshima. Ukimpa mpiganaji wa msituni sikukuu, umekiri kwamba nchi ina deni naye, na deni lake lilikuwa shamba. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa na kugawanywa kwa mkopo, wenye fedha na wenye nafasi wakifaidi, baadhi yao watu waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni wakati wa vita. Kaggia alishikilia kwamba wasio na ardhi wapewe bure, na mwaka 1964 akajikuta nje ya serikali. Oneko akahamia upinzani, KPU, na mwaka 1969 akatiwa kizuizini na serikali ya Kenyatta. Alitoka 1975. Fikiria hilo kidogo: kila 20 Oktoba katika miaka hiyo taifa liliadhimisha usiku ambao Kenyatta na wenzake walikamatwa, na mmoja wa wenzake hao alikuwa amefungiwa tena na Kenyatta huyo huyo. Hoja hiyo moja ikitolewa vizuri inatosha kushinda mdahalo.

Usidhani marufuku ya 1950 ilikuwa jina tu kwenye karatasi. Mradi ilikuwepo, wazee waliopigana Mau Mau hawakuweza kusajili chama chao. Ilipoondolewa walijisajili, wakafungua kesi London mwaka 2009 kudai fidia ya mateso waliyopata, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Sanamu ya Kimathi, ile yenye bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine pale Barabara ya Kimathi jijini Nairobi, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mambo hayo yote yasingefanyika kabla ya 2003.

Umeuliza pia sikukuu inatengenezwaje. Hapa watu wazima wengi hukosea, hata mawakili. Kuna siku ya kitaifa, na kuna siku ya mapumziko. Siku za kitaifa zimo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 9(3), nazo ni tatu tu: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Mapumziko yanatokana na Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, yenye jedwali la siku zote ambazo ofisi hufungwa, zikiwemo za dini. Sheria hiyo pia inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko yanahamia siku inayofuata ambayo si sikukuu. Mwaka 2024 Siku ya Mashujaa iliangukia Jumapili, watu wakapumzika Jumatatu tarehe 21, yaani tarehe aliyokamatwa Kimathi. Kalenda ilimpa alichonyimwa na Bunge, na sidhani kuna aliyegundua.

Kuchanganya hizo mbili ndiko kulikoleta vurugu ya Siku ya Moi. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye mwenyewe akiwa madarakani, ikawekwa 10 Oktoba. Katiba mpya haikuitaja, serikali ikachukulia kwamba imekufa, na kuanzia 2010 watu wakawa wanakwenda kazini siku hiyo. Lakini hakuna aliyekumbuka kuifuta kwenye jedwali la Sura ya 110. Mtu akaenda mahakamani, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikasema kilicho wazi: Katiba imetaja siku za kitaifa, haikukataza sikukuu nyingine, na sheria ambayo haijafutwa ni sheria. Mwaka uliofuata Wakenya wakapumzika tena 10 Oktoba, bila gwaride wala hotuba. Tangu hapo siku hiyo imeitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira, watu wakahimizwa kupanda miti.

Linganisha na 20 Oktoba. Nayo ilibadilishwa jina, kutoka Kenyatta kuwa Mashujaa, na hakuna aliyetikisika, kwa sababu chini ya jina kuna tukio ambalo kila mtoto wa shule anaweza kulieleza. Chini ya 10 Oktoba hapakuwa na tukio la namna hiyo. Kumtungia mtu sikukuu angali hai na angali ikulu ni kazi ya kubomoka. Ndiyo maana nchi nyingi husubiri mtu afe, na mara nyingi hata tarehe huichukua hapo hapo kwenye kifo. Sababu nyingine ni ya kawaida kabisa: wengi wa kizazi kile walizaliwa vijijini bila cheti, hata mwaka wa kuzaliwa wa Kenyatta ni wa kukadiria. Siku ya kufa inajulikana.

Tanzania ni mfano mzuri. Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja, 7 Aprili 1972. Nyerere alifia London 14 Oktoba 1999. Tarehe zote mbili ni mapumziko. Msumbiji Siku ya Mashujaa ni 3 Februari, siku ambayo Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kupigania uhuru, aliuawa kwa bomu la kifurushi mwaka 1969, na aliuawa Dar es Salaam, kwa hiyo sikukuu ya Wamsumbiji kwa kweli ilitokea Tanzania. Kongo ndiyo mfano unaoniuma zaidi. Tarehe 17 Januari ni ya Lumumba, waziri mkuu wao wa kwanza, aliyeuawa Katanga mwaka 1961 na mwili wake kuyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi la kuzuru. Kilichosalia ni jino, na Ubelgiji ililirudisha Juni 2022. Usiku ule walipigwa risasi watatu: Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waulize wenzako ni nani anayewajua hao wawili wa mwisho. Sikukuu ya mtu mmoja huwa na hasara hiyo, aliyesimama kando yake hupotea.

Na ya watu wengi ina hasara yake. Tulipogeuza Siku ya Kenyatta kuwa ya Mashujaa tulifanya haki, nami naiunga mkono. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza 1913 na 1914 hadi akapelekwa kifungoni Kisii, asingepata nafasi kwenye siku ya mtu mmoja. Sherehe nazo mara nyingi zimefanyika nje ya Nairobi: Kakamega 2018, Mombasa 2019, Kisii 2020, Kwale 2024. Mwaka 2014 tukapata na Sheria ya Mashujaa, yenye baraza la kupokea majina ya wanaopendekezwa kuwa mashujaa na kuwachuja. Lakini neno likiwa pana hivyo, mwanariadha, mwalimu na mpiganaji wa msituni wote wanakaa kwenye hema moja, na hotuba huishia kwenye barabara na bei ya mbolea. Sikiliza hotuba ya 20 Oktoba ijayo uhesabu ni dakika ngapi zitazungumzia 1952.

Kama upande wenu utadai Kimathi apewe 18 Februari, mjue mnaomba nini, maana mpinzani hodari atawauliza. Ipo njia nyepesi: waziri anatangaza siku moja ya mapumziko kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kama ilivyofanywa 11 Februari 2020 kwa ibada ya kumuaga Moi. Hiyo inapita na mwaka wake. Mkitaka ya kudumu, jedwali la Sura ya 110 liguswe. Mkitaka awe sambamba na Madaraka na Jamhuri, ni kubadili Katiba: mswada ukishasomwa mara ya kwanza usubiri siku 90, kisha upate theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya maseneta wote. Kura ya maoni haihitajiki kwa kifungu hicho, usikubali mtu akutishe nayo.

Upande wa pili watasema sikukuu zimetosha na waajiri wanaumia. Msiibeze hoja hiyo, ina uzito kwa mwenye duka na kwa kibarua anayelipwa kwa siku. Watasema pia kwamba Mau Mau iligawanya hata nyumba moja, ndugu mmoja msituni na mwingine askari wa nyumbani upande wa mkoloni, na sikukuu ya Kimathi itachokonoa kidonda. Hapo ndipo pagumu, nami sina jibu la mkato. Ningewaambia tu kwamba siku yenyewe tunayo tayari, na kwamba ugomvi uliopo ni kama tunalitaja jina lake tunapoiadhimisha.

Usiandike kwamba Kimathi aliuawa 20 Oktoba, nimeiona hiyo hata kwenye mabango. Majina ya wale sita yakariri pamoja na kilichompata kila mmoja baada ya uhuru. Hoja ya Oneko mpe msemaji wa mwisho, ili upinzani wasipate nafasi ya kuijibu.

Baba anakusalimu. Pesa za nauli ya kurudi nitatuma Ijumaa.

Mamako