Tendaguru haikuwa na mjusi mmoja

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa sekondari, na sijawahi kuwaandikia hata kuwalalamikia kuhusu hesabu za ligi. Ila habari yenu ya mwezi uliopita juu ya mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, imenishinda. Miamba ya Tendaguru, kule Lindi, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Picha mliyoipachika juu ya habari ni ya Tyrannosaurus, mnyama wa Amerika Kaskazini aliyekuja zaidi ya miaka milioni 80 baadaye.

La picha ningelimeza. Lililonikera ni kwamba habari nzima ilimhusu mjusi mmoja tu, yule aliyesimamishwa Berlin tangu 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13: arudi, asirudi, fidia apewe nani. Wenzake waliochimbwa kilima kilekile hamkuwataja hata kwa bahati mbaya.

Madhara yake nimeyashuhudia. Hivi karibuni niliitwa kuwa mwamuzi katika shindano la chemshabongo la shule fulani. Likaja swali: taja dinosaria aliyepatikana Tendaguru. Binti mmoja akasimama na kujibu bila kusita, "Kentrosaurus." Mwendesha shindano akachungulia karatasi yake, akatangaza kuwa amekosa. Upande wa pili wakasema Brachiosaurus, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilipopinga, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba majibu yametolewa gazetini, kana kwamba gazeti ni msahafu. Kentrosaurus, Mhariri! Mnyama wa mita nne na nusu hivi, mwenye mabamba shingoni na mgongoni na miiba inayoshuka hadi ncha ya mkia, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915 kutokana na mifupa ya Tendaguru penyewe! Na huyo Brachiosaurus aliyepigiwa makofi, ndiye yuleyule wa Berlin, tangu 2009 wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan, maana mifupa yake haifanani vya kutosha na ya Brachiosaurus wa Marekani. Kwa hiyo aliyepatia akatoka na sifuri, na ushindi ukaenda kwa jina lililopitwa na wakati.

Halafu hao mnaowapuuza ndio wenye mambo. Chukueni Dysalotosaurus, mla majani wa miguu miwili. Mifupa yake ilikutwa imerundikana mahali pamoja, ya wadogo kwa wakubwa, ndiyo maana wataalamu wameweza kukata mifupa ya marika mbalimbali, kuitazama kwa hadubini na kufuatilia mnyama alivyokua. Mwaka 2011 ikachapishwa taarifa ya pingili moja ya uti wa mgongo wake iliyovimba na kuharibika kwa namna ya ugonjwa wa Paget, ambao hata binadamu huupata, na watafiti wakaona dalili kwamba chanzo huenda ni kirusi cha jamii ya surua. Maradhi ya miaka milioni 150, kutoka Lindi, nanyi mnatuandikia urefu wa shingo! Au Elaphrosaurus, aliyehesabiwa mla nyama kwa sababu ya ukoo wake, ingawa fuvu lake halikupatikana. Uchunguzi wa 2016 ulimsogeza karibu na Limusaurus wa China, ambaye akikua hung'oka meno yote, kwa hiyo inawezekana naye alikuwa mtu wa majani.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nitoe na jingine. Jina kamili la huyo Dysalotosaurus ni lettowvorbecki. Alipewa mwaka 1919 kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, yule ambaye vita vyake vilimaliza wapagazi na wanavijiji wetu kwa maelfu. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, alisubiri hadi 2007 ndipo Australodocus bohetii akaitwa kwa jina lake. Mohammadi Keranje, mwenzake katika uchimbaji huo, alisubiri hadi 2019, akapata Wamweracaudia keranjei. Ninyi, mwaka huu, chini ya picha yenu ya pili mmeandika "wenyeji wakibeba mifupa", basi. Zaidi ya tani 200 zilitoka porini hadi bandarini vichwani na mabegani mwa watu, na watu hao kwenu bado ni wenyeji tu. Bonde la Rukwa sitaligusa, wala dinosaria wake Shingopana na Mnyamawamtuka, nisije nikashindwa kumaliza barua.

Ombi langu ni dogo. Mna ukurasa wa utabiri wa nyota kila Jumamosi. Uchukueni kwa miezi mitatu, Mizani na Nge watavumilia, na kila wiki muweke mnyama mmoja wa Tendaguru, mfupa wake mmoja, na jina la mtu aliyeuchimba kama linajulikana, kwa herufi za ukubwa uleule mnaotumia kuandika "Berlin". Anzeni na ile pingili yenye ugonjwa. Na vipimo, tafadhali sana, viandikwe kwa sentimita, siyo kwa mabasi.

Mwalimu mstaafu,
Lindi