Wenye miaka 40 na kuendelea, nunueni siku ya ziada kabla ya koti

Ndugu Mhariri,

Makundi ya wafanyakazi, wanakwaya na watu waliosoma pamoja yameanza kuchangishana ili Desemba 9, Siku ya Uhuru, yawe kileleni Kilimanjaro. Wengi wao wana miaka kati ya 40 na 60. Sisi tunaoongoza wapandaji kutoka hapa Moshi tunalifurahia jambo hili kwa dhati, kwani mlima ni wetu na umri huo haumzuii mtu kufika juu. Ila tunapoletewa bajeti zilizopitishwa vikaoni, tunakuta kimekatwa kile kile kisichopaswa kuguswa: siku.

Chukulia njia ya Marangu, inayopendwa kwa sababu ya vibanda vyake. Siku ya kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu Kibo, 4,720. Kutoka kibanda hadi kibanda umeongeza mita 1,000. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Anayekwenda kwa siku tano anafika Kibo mchana, anakunywa uji, anajinyoosha kidogo, na saa tano usiku anaamshwa aelekee kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi inampa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeivuta akiwa Tanga. Mwili haujapewa nafasi.

Anayekwenda kwa siku sita, siku yake ya ziada hutumika Horombo. Unalala hapo mara mbili, na mchana wa katikati unapanda hadi kwenye miamba ya Zebra, kama mita 4,000, unakaa nusu saa, kisha unarudi chini kula na kulala. Kwa njia ya Machame, tofauti ya siku sita na saba ni kulala kambi ya Karanga. Ukiiruka Karanga, unatoka kambi ya Barranco hadi kambi ya Barafu kwa mkupuo mmoja, na usiku huohuo unaanza kupanda kilele. Njia hiyo ina siku ya kupita Lava Tower, mita 4,600, na kushukia Barranco, chini kidogo ya 4,000. Wapandaji hunung'unika: mbona tunapanda halafu tunateremka? Ndiyo dawa yenyewe. Panda juu, lala chini.

Tunajua kila siku ina ada ya hifadhi, chakula na posho za wagumu, yaani wapagazi. Lakini ada ya Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, na mara nyingi siku hiyo moja haifiki bei ya koti jipya ambalo ungeweza kulikodi.

Umri peke yake hauongezi uwezekano wa kuugua ugonjwa wa mwinuko. Kijana aliyemaliza mbio za Kilimanjaro Marathon anaweza kulazwa chini na kichwa Horombo huku mama wa miaka 58 akiomba kuongezewa supu. Wala kuzaliwa Kilema au Kibosho hakusaidii kitu kama umeishi Dar es Salaam miaka 20. Mazoea ya mwinuko huisha mwilini ndani ya wiki chache. Kinachobadilika ukivuka miaka 40 ni presha, sukari, moyo na magoti, na hayo yote yana maandalizi yake.

Mwenye presha iliyotulia kwa dawa anaweza kupanda, daktari wake akiridhia. Anayetutia hofu ni yule asiyewahi kupima. Pima miezi miwili kabla, ili dawa ikibadilishwa mwili upate muda wa kuizoea, na mweleze daktari waziwazi kwamba unakwenda mlimani. Dawa za presha zinazokojoza hukupunguzia maji mahali ambapo tayari unayapoteza kwa kuhema, na zile zinazotuliza mapigo ya moyo hukufanya uchoke mapema unapopanda penye mwinuko mkali. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini ikiganda imeshaharibika, hata ikiyeyuka tena. Itembee kifuani, ndani ya nguo, na usiku iingie nawe kwenye begi la kulalia. Hata kipimo cha sukari hudanganya kikipoa, kwa hiyo nacho kikae ndani ya koti.

Kuhusu asetazolamidi, ambayo wengi wanaiita Diamox: kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ruhusa ya daktari. Itakuamsha kukojoa, na vidole vitachonyota. Mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme. Ijaribu nyumbani kwanza, ukiwa karibu na hospitali, usije ukaijulia Mandara. Na haichukui nafasi ya ile siku ya ziada.

Sasa mazoezi. Karibu kila mtu hujiandaa kupanda, na karibu kila mtu mwenye miaka 50 huumizwa na kushuka. Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, wanakoshukia wa njia ya Machame, ni kama mita 2,800 za kuteremka, siku ileile uliyokesha ukipanda. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayoshika breki kila hatua, na ikichoka mzigo wote huhamia kwenye goti. Basi jipe wiki 12. Mara mbili kwa wiki tafuta jengo la ghorofa nne, panda kawaida, shuka taratibu bila kushika ukuta, mizunguko 10 ukiongeza kidogokidogo. Jumamosi tembea kwa muda wa saa tano au sita ukiwa na kilo sita mgongoni, ndani ya buti zilezile utakazopandia. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo ni kipimo kizuri. Walio Arusha wana Meru: Miriakamba mita 2,514, Saddle 3,570, na Meru Ndogo 3,820, mkiwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Ukiipanda Meru siku chache kabla ya Kilimanjaro, unakuja na mwili ulioanza kuzoea. Chukua fimbo mbili, na unapoteremka zirefushe kidogo. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu kucha ndefu hugonga ncha ya buti maelfu ya mara na kuwa nyeusi.

Buti zinatuumiza roho kuliko vifaa vingine vyote. Pale soko la Memorial, hapa Moshi, unapata buti nzuri za mitumba, ngozi safi, kamba mpya, na bado zikafa njiani. Kati ya ngozi na soli nyeusi ya chini kuna tabaka laini kama sponji. Kwa aina nyingi tabaka hilo huoza lenyewe baada ya miaka, hata kama buti ilikaa kabatini bila kuvaliwa. Kabla ya kulipa, libonyeze kwa ukucha wa dole gumba: likirudi ni zima, likibaki na alama au likimeguka unga, iache. Halafu ikunje buti kwa nguvu utazame pembeni kama kuna nyufa. Usidanganywe kwamba fundi ataigundisha. Gundi inashika kwenye kitu kizima, na pale kitu chenyewe kimekuwa vumbi. Soli ya namna hiyo hubanduka kwenye kokoto za chini ya Gilman, kituo cha ukingoni mwa kreta, na hakuna duka huko.

Mlimani tembea kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wakubwa wa ofisi huona haya kubaki nyuma ya vijana wao, na wakiumwa kichwa hawasemi. Tunawasihi wasifanye hivyo. Kichwa kinachotulia kwa maji, chakula na parasetamoli si tatizo kubwa. Kichwa kinachozidi, pamoja na kichefuchefu na kukataa chakula, kinamaanisha usipande tena hadi kipone. Mtu akiyumba, mwambie atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, hatua 10 kwenye mstari. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, au kikohozi kikitoa povu, ni mapafu yameanza kujaa maji. Hao wawili wanashushwa saa hiyohiyo, usiku au mvua, hata kama kilele kinaonekana. Oksijeni ya chupa ni ya kumsaidia wakati anashuka, isitumike kumpandisha.

Kwa kampuni zinazotoa huduma tuna ombi moja. Kwenye karatasi ya bei, andikeni mita za kila mahali mteja atakapolala, si jina la kambi tu, ili mweka hazina wa kikundi aone mwenyewe anachokikata. Na wateja, kabla ya kutoa malipo ya awali, ulizeni usiku wa kilele mtakuwa na waongozaji wangapi. Kundi la watu wanane likiwa na mwongozaji mmoja, mmoja wenu akianza kuyumba saa nane usiku, ama wote mnarudi, ama anashushwa na mtu asiyejua dalili za kuangalia njiani. Pata majina ya waongozaji hao kwa maandishi, na uhakikishe kila mmoja ana leseni yake.

Waongozaji wa wapanda mlima,
Moshi